Simu ya batani, redio ya flashi, simu janja iliyostaafu au mashine ya muziki: kipi cha kununua Mtwara na Lindi

Kabla hujauliza bei ya kifaa chochote, fungua flashi au memori kadi yako uangalie nyimbo zenyewe. Aliyeupenda muziki tangu enzi za kaseti huwa na mchanganyiko: dansi la kina NUTA Jazz na Mbaraka Mwinshehe lililonakiliwa kutoka kanda hadi kanda, taarabu za CD, qaswida zilizotumwa kwa WhatsApp, singeli ya juzi, labda na sindimba iliyorekodiwa kwa simu uwanjani huko Newala. Faili hizo ndizo zinazochagua kifaa. Wengi huanza na kifaa, kisha wanagundua nyumbani kwamba nusu ya nyimbo hazisomeki.

Kwenye simu, shikilia jina la wimbo, fungua maelezo yake, kisha soma mambo mawili: herufi za mwisho wa jina na ukubwa wa faili. MP3 ya kbps 128 (kbps ni kipimo cha wingi wa data ya sauti kwa sekunde) hula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne ni MB 4 hivi. Ya kbps 320 hukaribia MB 10. FLAC, aina ya faili isiyokata chochote cha sauti, ikiwa na ubora wa CD, yaani biti 16 na kHz 44.1, hufika MB 25 hadi 30 kwa wimbo huohuo. Kadi ya GB 32, ambayo ukiichomeka huonyesha GB 29 na ushee, itabeba zaidi ya nyimbo 7,000 za aina ya kwanza, 3,000 za aina ya pili, au 1,000 hivi za FLAC.

Halafu kuna M4A na Opus, aina nyingine za faili za sauti, na hapo ndipo vifaa vya bei rahisi hukwama. Sauti zinazorekodiwa ndani ya WhatsApp ni Opus. Nyimbo nyingi zinazoshushwa kutoka YouTube ni M4A au Opus ambazo mtu amezibadilisha jina tu zikaitwa MP3. Simu janja haijali jina, inasoma kilichomo ndani. Redio ya flashi huuruka wimbo huo kimyakimya, nawe unadhani flashi imekufa. Dawa yake ni kuzigeuza kwa kompyuta, na programu ya bure ya VLC inaweza kazi hiyo: ingia sehemu ya kugeuza faili, chagua MP3, weka kbps 192. Kubadilisha jina hakusaidii kitu.

Jambo moja zaidi kuhusu faili kabla ya kuingia dukani. Kugeuza MP3 ya 128 iwe 320 au FLAC huinenepesha faili tu, kilichokatwa hakirudi. Na dansi la zamani lililopitia kaseti lina mvumo wa kanda ndani yake. Mashine ya gharama kubwa haiuondoi mvumo huo, itakuonyesha vizuri zaidi ulivyo. Kama asilimia kubwa ya hazina yako ni ya namna hiyo, usihangaike na vifaa vya ubora wa juu. Fedha hiyo inunulie eafoni nzuri na kadi halisi.

Simu ya batani

Kwa anayesikiliza MP3 peke yake, akiwa safarini au shambani, hiki ndicho tunachokipa nafasi ya kwanza. Betri yake ni ya mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) 1,000 hadi 1,500 kwa kawaida, lakini kwa kuwa kioo ni kidogo na hakuna programu zinazofanya kazi kisirisiri, muziki wa eafoni unaweza kwenda mchana kutwa na bado ukabaki na chaji ya kupiga simu. Safari ya basi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550, haiimalizi. Betri inatoka kwa kucha, na ya akiba unaitia mfukoni. Batani unazipapasa bila kutazama.

Si kila simu ndogo inafaa, lakini. Nyingine hazina kabisa tundu la memori kadi, zina redio tu. Fungua mfuniko wa nyuma palepale dukani: tundu la kadi mara nyingi liko chini ya betri, karibu na laini. Nokia 5310 ya mwaka 2020 ilitengenezwa kwa kazi hii hasa, ina batani za muziki ubavuni, spika mbili za mbele, tundu la milimita 3.5 na nafasi ya kadi hadi GB 32. Itel na Tecno nazo zina za aina hiyo nyingi, ila majina hubadilika kila mara, kwa hiyo nenda na sifa, si jina.

Udhaifu wake mkubwa ni orodha. Ukiijaza kadi nyimbo elfu kadhaa, baadhi ya simu hizi hutumia dakika nzima kuzisoma upya kila zinapowashwa, na nyingine hukata orodha katikati bila kukuambia. Gawa nyimbo kwenye folda za 100 hadi 200, kisha zicheze kupitia folda badala ya orodha kuu. FLAC usitarajie.

Redio ya FM nayo ipo, na kwa msikilizaji wa TBC Taifa au Safari FM hilo si jambo dogo. Simu nyingi hutumia waya wa eafoni kama antena. Ukiuchomoa, redio inanyamaza au inakwaruza. Eafoni za Bluetooth haziwezi kazi hiyo.

Redio ya flashi na spika za Bluetooth

Hii ni ya kusikiliza na wenzako barazani, jikoni, kwenye mkeka wa kubangulia korosho au kwenye ngalawa. Usiilinganishe na eafoni kwa ubora, kazi yake ni nyingine. Inachomekwa flashi au memori kadi, ina FM, mara nyingi na Bluetooth, na mtoto wa miaka saba anaiendesha.

Maandishi ya kwenye boksi yapuuze. Redio ya kushikwa mkononi iliyoandikwa wati 1,000 haina wati 1,000. Betri yake haiwezi kutoa nguvu hiyo hata kwa sekunde. Tafuta betri yenyewe. Nyingi zinatumia BL-5C, ileile ya Nokia za zamani, yenye volti 3.7 na mAh 1,000 hivi. Hesabu yake ni rahisi: 3.7 mara 1.0 ni wati-saa 3.7. Sauti ya wastani ikila wati 0.7, unapata saa tano. Ukipandisha sauti hadi mwisho na besi juu, zinashuka kuwa mbili. Redio yenye seli ya 18650 halisi ya mAh 2,000 itakupa karibu mara mbili. Seli hizo za umbo la silinda zinazoandikwa mAh 9,900 ni uongo mtupu, kwani 18650 halisi zilizo bora huishia mAh 3,500 hivi.

Ununue yenye BL-5C au 18650 inayotolewa, hata kama ile yenye betri iliyofungiwa ndani inang'aa zaidi. Betri ikichoka baada ya mwaka mmoja au miwili, BL-5C unaipata kwa fundi simu yeyote kuanzia Masasi hadi Kilwa Masoko. Iliyofungiwa ndani ukimpelekea fundi, ataifungua na kukuambia kile kipande chembamba hakina mbadala.

Makosa matatu huziua redio hizi. La kwanza ni kuichaji moja kwa moja kwenye betri ya sola ya volti 12. Tundu lake linataka volti 5. Tumia kichwa cha chaja ya gari au tundu la USB la kidhibiti cha sola. La pili ni flashi kubwa. Redio nyingi husoma mfumo wa FAT32 tu, yaani namna moja ya kupanga mafaili ndani ya flashi, na kadi za GB 64 na kuendelea hutoka kiwandani zikiwa na mfumo mwingine, exFAT. Redio itakaa kimya kana kwamba hakuna kitu. Ama nunua ya GB 32, ama ifomati hiyo kubwa iwe FAT32 kwa kompyuta. La tatu ni kuchomoa flashi wimbo ukiendelea, hasa kwa redio zinazorekodi: jedwali la mafaili linavurugika na folda zinageuka herufi za ajabu.

Kuna kero nyingine inayowachosha wapenzi wa albamu: nyimbo hazifuati mpangilio. Redio hizi hazisomi majina, zinafuata mfuatano ambao faili zilinakiliwa. Kuandika 01, 02, 03 mbele ya jina peke yake hakutoshi. Futa folda, kisha nakili wimbo mmoja mmoja kwa mpangilio unaoutaka, au tumia programu ya kompyuta iitwayo DriveSort, inayopanga upya jedwali la FAT. Na kama kompyuta ya aliyekuingizia nyimbo ni ya Apple, utakuta vifaili vinavyoanza na nukta na mstari wa chini, "._". Redio huviona kama nyimbo, ikivifikia inakwama sekunde kadhaa. Vifute.

Simu janja iliyostaafu

Ile simu yenye kioo kilichopasuka pembeni, iliyolala kabatini tangu ununue mpya, ni kicheza muziki kizuri kuliko vingi vinavyouzwa kwa jina hilo. Inasoma MP3, M4A, Opus na FLAC. Inapanga kwa msanii, kwa albamu, kwa folda. Gharama yake ni betri mpya, basi.

Itayarishe hivi. Nakili picha na namba zako, kisha irudishe katika hali ya kiwandani. Usiweke laini. Washa hali ya ndege. Zima au ondoa kila programu inayoondoka. Weka kicheza nyimbo kisichotaka intaneti. Musicolet ni chaguo letu kwa sababu hakiombi hata ruhusa ya mtandao, na VLC inafuata. Kisha ingia kwenye mipangilio ya betri, kiruhusu kicheza nyimbo kifanye kazi bila kubanwa. Usipofanya hivyo, simu nyingi za Tecno, Infinix na Xiaomi hukizima dakika chache baada ya kioo kulala, na watu hudhani wimbo umeharibika.

Betri iangalie kwa jicho la ukali. Weka simu juu ya meza bapa, mgongo chini, uizungushe. Ikizunguka kama pia, betri imevimba. Hiyo haichajiwi tena hata mara moja, mpelekee fundi. Simu zinazoachwa zikichajiwa usiku kucha chini ya mto, kwenye joto letu la pwani, huvimba mapema. Na ile ya kukaa kabatini muda mrefu iachwe na chaji ya asilimia 50 hivi, si sifuri wala mia.

Wanaotegemea programu kama Boomplay au Spotify, iliyofika Tanzania mwaka 2021, wakumbuke kwamba wimbo ulioupakua ndani ya programu si faili yako. Malipo yakikoma unafungwa, na huwezi kuuhamishia kwenye flashi. Kusikiliza mtandaoni kwa kbps 128 hula MB 58 kwa saa. Kwa 320 ni MB 144. Bando linahimili, lakini njia ya kwenda Nachingwea au Liwale ina mapori ambako mtandao unaingia na kutoka, na wimbo unakatika pale unapokolea.

Mashine ya muziki peke yake

Hapa kuna dunia mbili zinazouzwa kwa jina moja.

Vile vidogo vya klipu, vinavyobanwa kwenye kola, ni vyepesi na vinamfaa anayekimbia ufukweni Shangani asubuhi. Zaidi ya hapo hatuvisifu. Betri ya ndani ni ndogo, haibadiliki, na ikiachwa miezi kadhaa bila chaji inakufa kabisa. Simu ya batani inafanya yote hayo na inapiga simu juu yake.

Za upande wa pili ni kama Sony NW-A306, iliyotangazwa mwaka 2023 barani Ulaya kwa takriban euro 400. Ina gramu 113, GB 32 za ndani, tundu la kadi, Android, na Sony wenyewe wanasema inacheza FLAC ya kawaida hadi saa 36. Shanling M0 ni ndogo zaidi, kama kiberiti, haina Android, inasoma FLAC bila shida. Mashine hizi zinalipa pale tu mambo matatu yanapokutana: una faili za FLAC au CD ulizozinakili mwenyewe, una hedifoni za waya zenye thamani inayolingana, na unasikiliza ukiwa umetulia. Ukitumia Bluetooth, sauti inabanwa upya njiani. Hata LDAC, njia ya Sony ya kutuma sauti kwa Bluetooth, huishia kbps 990, chini ya 1,411 za CD. Dukani Mtwara au Lindi hutazikuta mara nyingi, na zikiharibika utapeleka Dar es Salaam. Hilo liwe ndani ya hesabu ya bei.

Ugumu wa hedifoni unapimwa kwa omu. Eafoni za omu 16 hadi 32 zinaendeshwa na kifaa chochote. Hedifoni za omu 300, kama Sennheiser HD 600, ukizichomeka kwenye simu zinatoa sauti ya mbali, haba. Hapo ndipo mashine yenye nguvu ya kutosha inapojitenga.

iPod zilizotumika bado zinauzwa, ingawa Apple ilitangaza kuacha kuzitengeneza Mei 2022. Tatizo si umri tu. Haziingizwi nyimbo kwa kunakili. Zinataka programu ya Apple kwenye kompyuta. Yule kijana wa kibandani anayekuingizia nyimbo hataweza kukusaidia. FLAC hazisomi. Ziache kwa wanaokusanya vitu vya kale.

| | Faili | Betri | Kinachoharibika kwanza |
|---|---|---|---|
| Simu ya batani | MP3, mara chache M4A | inatoka, rahisi kupata | tundu la eafoni |
| Redio ya flashi | MP3, WAV | saa 2 hadi 10 | tundu la chaji |
| Simu janja ya zamani | karibu zote | fundi anabadilisha | betri |
| Mashine ya FLAC | zote | saa 10 na kuendelea | betri ya ndani, vipuri hakuna |

Kadi feki, chumvi na salfa

Memori kadi feki ni tatizo kubwa kuliko kifaa kibaya. Ndani yake kuna GB 4 au 8, lakini imepangwa iseme 128 au hata TB 1. Nyimbo za mwanzo zinacheza sawasawa. Ukishavuka ukubwa wa kweli, majina yanaonekana, ukubwa unaonekana, ila wimbo hauchezi, na wakati mwingine zile za mwanzo nazo zinafutwa. Ipime kabla hujatupa risiti: kwa Windows tumia H2testw, kwa Linux F3. Programu inaijaza kadi yote kisha inaisoma tena. Kadi ya GB 32 inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa nzima kujaa, kwa hiyo panga muda. Nakala ya nyimbo zako zote ikae mahali pa pili daima. Kadi haikohoi kabla ya kufa.

Hewa ya Mikindani na Lindi mjini ina chumvi, na chumvi pamoja na unyevu hula vyuma vya ndani ya tundu la eafoni. Dalili ni mkwaruzo ukizungusha pini, kisha upande mmoja unanyamaza. Futa pini kwa kitambaa chenye spiriti, ichomeke na kuichomoa mara kumi kifaa kikiwa kimezimwa, acha ikauke. Ukisikia ala zinapiga lakini sauti ya mwimbaji imezama kama yuko kisimani, usilaumu wimbo: waya wa ardhi wa pini haugusi, kwa hiyo kinachobaki ni tofauti kati ya kulia na kushoto, na mwimbaji, ambaye hurekodiwa katikati, anafutika. Sukuma pini mpaka mwisho au ivute nje nusu milimita. Eafoni zenye maikrofoni, za mikanda mitatu kwenye pini, hufanya hivyo mara nyingi kwenye redio za zamani.

Spika zilizoandikwa IPX7 zimepimwa kwa kuzamishwa mita moja kwa dakika 30 katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Maji ya bahari hayamo katika kipimo hicho. Ikiloa, isuuze kwa maji ya bomba, ikauke kabisa, ndipo uchaji.

Wakulima wa korosho wana adui wao wa ziada. Salfa ya unga inayopulizwa dhidi ya ubwiriunga hushambulia shaba na fedha, inaziweusha, na vumbi lake hupenya kila tundu. Siku za kupuliza, redio ikae mbali na shamba au ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa. Kuifunika kwa kanga hakutoshi.

Ukifika dukani

Nenda na kadi yako ya GB 32 yenye folda mbili na nyimbo tano: MP3 ya 128, MP3 ya 320, M4A, FLAC, na qaswida ya WhatsApp. Nenda pia na eafoni yako ya waya. Mwambie muuzaji, "Kaka, samahani, naomba niijaribu na memori yangu." Anayekataa ameshakujibu.

Cheza zote tano. Ruka wimbo katikati, rudi nyuma, hamia folda ya pili. Chomeka eafoni, zungusha pini polepole usikilize mkwaruzo. Punguza sauti hadi alama moja kabla ya sifuri: kama bado ni kubwa mno kwa usiku, itakukera. Zima, washa, uone kama inarudi pale ulipoishia au inaanza wimbo wa kwanza. Kwa mwenye nyimbo 3,000 hilo ni jambo la kuacha au kuchukua. Chomeka chaja huku ikicheza, sikiliza kama kuna mvumo. Mwisho toa betri, soma namba yake, mwulize kama anayo nyingine dukani.